Mtambo Ule Ulikuwa wa Nani?



Katuni iliyoanza kuonyeshwa Marekani tarehe 17 Septemba 1984 ni mzee kuliko ninyi nyote, na pengine kuliko baadhi ya wazazi wenu. Hata hivyo watoto wake na wajukuu wake wangali wanatembea katika vibanda vya video na katika kadi za simu, kutoka Uvira hadi Baraka, na kupanda milima hadi Fizi. Jina lake ni The Transformers. Wengi mnazijua filamu kubwa zilizotokana nayo tangu mwaka 2007, zenye kelele nyingi na majengo yanayobomoka. Mimi nataka tuitazame hadithi ile ya kwanza kabisa, iliyofungua mfululizo wote, kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo sisi wa teritori ya Fizi tulistahili kulitambua kabla ya watu wengine wote ulimwenguni. Naona ajabu kwamba tunaitazama na kucheka, kisha tunakwenda kulala.

Hadithi yenyewe ni hii. Mbali sana na dunia yetu iko sayari iitwayo Cybertron, ambayo wakazi wake wote ni roboti: mashine zenye akili, zenye hasira na zenye urafiki kama wanadamu. Wamegawanyika kambi mbili. Autobots wanaongozwa na Optimus Prime. Decepticons, ambao hata jina lao limetoholewa katika neno la udanganyifu, wanaongozwa na Megatron. Wamepigana muda mrefu mno, hata nishati ya sayari yao imekaribia kukauka. Optimus Prime anaondoka na chombo chake kwenda kutafuta chemchemi mpya ya nishati. Megatron anamfuata na kukivamia chombo hicho huko huko angani. Katika vurumai hiyo chombo kinaanguka duniani kwetu, kinajipigiza katika mlima, na wote waliomo, wema kwa waovu, wanazimika kama taa.

Inapita miaka milioni 4. Siku moja mlima ule unalipuka moto, mtetemo unaiamsha kompyuta ya chombo, nayo inatuma kifaa chake nje kikatazame ni vitu gani vinavyotembea katika nchi hii. Kifaa kinaona ndege za kivita, kinaona magari. Basi roboti wanaundwa upya, wapate kujigeuza ndege na magari. Wanaotangulia kuamka ni Decepticons. Wanapoondoka, mmoja wao aitwaye Starscream anaupiga mlima kwa silaha yake, kwa jeuri tu, kama mtu anayefunga mlango kwa teke. Mawe yanaporomoka na kumsukuma Optimus Prime mbele ya mwali wa ile kompyuta, naye anaamka. Kwa teke hilo moja vita vya sayari ile vinaanza tena katika sayari ambayo haikuvijua.

Mahali pa kwanza Decepticons wanapokwenda ni mtambo wa kuchimba mafuta uliosimama baharini. Katika vipindi viwili vilivyofuata, tarehe 18 na 19 Septemba, wanakwenda penye bwawa la umeme, kisha penye machimbo ya mawe ya thamani huko Burma. Mafuta, umeme, madini. Sidhani kama watungaji waliifikiria Kongo walipoandika hayo, lakini mtoto wa Misisi aliyezaliwa kandokando ya mashimo ya dhahabu hahitaji kuelezwa kwa nini roboti wenye njaa ya nishati wamechagua kupita njia hiyo.

Katika mtambo ule wa mafuta tunakutana na wanadamu wawili wenye majina, Sparkplug na mwanawe Spike. Ni vibarua, baba na mwana. Mtambo unavunjika, moto unawaka, nao wanaokolewa na Optimus Prime na wenzake. Tangu saa hiyo wanakuwa marafiki wa Autobots, wanawaonyesha njia na kuwasaidia. Ni sehemu nzuri, nami sioni haya kusema kwamba inagusa moyo. Lakini hebu isimamisheni picha hapo mnapoitazama pamoja, muulizane: mtambo ule ulikuwa wa nani? Nani aliulizwa kabla vita haijashuka juu yake? Hata Optimus Prime, ambaye ni mwema kweli, alitoka kwao akitafuta nishati. Hakuhitaji ruhusa ya mtu, kwa sababu katika hadithi hii wenye dunia hawana baraza wala mzee wa kijiji, hawana hata mtu mmoja wa kusimama na kusema, “Ninyi wawili, ugomvi wenu ni wa kwenu.” Wanachoruhusiwa ni kukimbia au kuokolewa.

Ningeyaacha maswali haya yawe ya katuni tu, kama tungekuwa watu wa nchi nyingine. Lakini jambo hilo hilo lilitendeka katika ufuko wetu mwaka 1965, na waliolitenda walikuwa watu wa nyama na damu.

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili 1965 Wakuba wachache walivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma na kushuka Kibamba, katika teritori yetu ya Fizi. Aliyewaongoza alikuwa Ernesto Che Guevara, Muajentina aliyekuwa waziri katika serikali ya Fidel Castro. Wengine waliwafuata baadaye, hata wakapita mia moja. Walikuja kuwasaidia wapiganaji wa Simba, ambao tangu mwaka 1964 walikuwa wameinuka dhidi ya serikali ya Léopoldville, na ambao upande huu wa mashariki waliongozwa na watu kama Gaston Soumialot na Laurent-Désiré Kabila. Ili wasijulikane, Wakuba hao walifungua kamusi ya Kiswahili wakajipa majina ya hesabu. Víctor Dreke akawa Moja. José María Martínez Tamayo akawa Mbili. Che mwenyewe akawa Tatu. Nimelifikiri jambo hili mara nyingi. Wageni wakachukua maneno ya lugha yetu ili wajifiche ndani yake, kama vile roboti wa katuni walivyochukua umbo la magari yetu. Na maneno waliyoyachagua hayakuwa majina ya watu wala ya mito, yalikuwa namba.

Sasa tazameni upande wa pili. Serikali ilikuwa na askari wake, ilikuwa na mamluki wa Mike Hoare waliotoka Afrika ya Kusini na kwingineko, na ilikuwa na ndege. Ndege hizo zilirushwa na nani? Na Wakuba. Walikuwa Wakuba waliomkimbia Castro, waliokuwa wakilipwa na shirika la ujasusi la Marekani, na baadhi yao walikuwa wameshiriki katika jaribio la kumwangusha Castro katika Ghuba ya Nguruwe mnamo Aprili 1961. Wakuba wengine wa namna hiyo hiyo waliendesha mashua za kivita katika ziwa letu. Kwa hiyo mvuvi wa Baraka aliyetazama juu mwaka 1965 aliona ndege ya Mkuba ikimtafuta Mkuba mwingine katika milima ya Fizi. Ugomvi wa kisiwa kimoja cha bahari ya Karibi, kisiwa ambacho mvuvi huyo huenda hakuwahi kusikia jina lake, ulikuwa umeanguka katika nchi yake pamoja na moto wake wote.

Tarehe 29 Juni 1965 Wakuba wa Che na wapiganaji waliokuwa pamoja nao walishambulia kituo cha umeme wa maji cha Bendera, kusini mwetu, katika njia ya Kalemie. Walishindwa. Wakuba 4 waliuawa, na katika vitu vyao yakapatikana maandishi yaliyowafunua wao ni nani. Mwisho wa Septemba mamluki wa Hoare walishuka Baraka kwa mashua, na baada ya mapigano makali wakaushika mji. Fizi ikafuata mwezi wa Oktoba. Sitaki kulazimisha mlingano mahali usipokuwapo: bwawa la katuni ni bwawa la katuni, na waliokufa Bendera na Baraka walikuwa na mama zao. Ila yeyote anayesema kwamba hadithi ya kambi mbili za kigeni zinazopigania mtambo wa umeme ni ndoto ya Wamarekani, na aje nimwonyeshe ramani.

Hapa mtu atanikumbusha methali ya tembo wawili na nyasi. Imezoeleka mno, nami siipendi sana inapotumiwa juu yetu, kwa sababu inatufanya kuwa nyasi. Watu wa Fizi mwaka 1964 hawakuwa nyasi. Vijana walioingia katika Simba walikuwa na sababu zao. Uhuru wa mwaka 1960 ulikuwa umeahidi mengi na kuleta machache, Lumumba alikuwa ameuawa, watumishi wa serikali walikuwa wakila peke yao. Uasi ule ulizaliwa hapa hapa, na wageni waliukuta tayari unawaka. Katika hili katuni ni maskini kuliko historia: watu wake wa duniani hawana hoja yoyote yao wenyewe, na kwa hiyo hawana hatia yoyote pia. Sisi tulikuwa na vyote viwili.

Turudi kwenye zile kambi. Katika katuni kila roboti amebandikwa nembo kifuani au ubavuni, na mtoto wa miaka 5 anajua mara moja ni nani wa kumpenda na ni nani wa kumzomea. Je, mnajua nembo hizo zilitoka wapi? Kabla ya katuni kulikuwa na vitu vya kuchezea watoto, vilivyotengenezwa Japani na kampuni ya Takara na kuuzwa kwa majina ya Diaclone na Microman. Magari na ndege za Diaclone zilikuwa za upande mmoja, nazo ziliendeshwa na watu wadogo waliokaa ndani yake. Kampuni ya Marekani iitwayo Hasbro ikazinunua haki za vitu hivyo, ikataka kuviuza katika nchi yake, na ili viuzike ikaona vinahitaji hadithi. Waandishi wa kampuni ya Marvel wakaketi na kuigawa sanduku ile ile: wewe gari kubwa, utakuwa Optimus Prime, wewe ndege uliyetoka katika sanduku moja naye, utakuwa Starscream, adui yake. Vita vya miaka milioni kadhaa vilitungwa mezani, ili mtoto aliyenunua wa upande huu aone haja ya kununua na wa upande ule.

Sisemi hivyo ili kuwaharibia furaha. Nasema kwa sababu nimeona jinsi nembo zinavyobandikwa hapa kwetu. Mtoto anazaliwa Mbembe, au Mnyamulenge, au Mfuliiru, au Mnyindu, au Mbuyu, na kabla hajajua kuvaa kaptula yake vizuri amekwisha kuambiwa kambi yake ni ipi na adui yake ni nani. Roboti anaweza kusema kwamba alitengenezwa hivyo. Sisi hatukutengenezwa hivyo. Wazee wenu watawaeleza juu ya ng'ombe walionunuliwa na kuuzwa, juu ya arusi zilizofungwa kuvuka kabila, juu ya soko ambalo muhogo wa bondeni ulikutana na maziwa ya milimani. Watawaeleza pia juu ya mashamba yaliyogombewa na juu ya mifugo iliyoibwa, kwa maana ugomvi ulikuwapo na si kila kitu kililetwa na wageni. Lakini ugomvi wa shamba una mpaka wake, na mzee anaweza kuukata. Ugomvi wa nembo hauna mzee wa kuukata, kwa kuwa humhukumu mtu kwa alichozaliwa nacho.

Tena nembo haiijui njia ya maisha ya watu. Watu wengi wa Fizi walivuka ziwa katika vita ya mwaka 1996 na ile ya mwaka 1998, wakaishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Baadhi yenu mmezaliwa huko. Na tangu mwaka 2015, katika teritori hii hii, Warundi waliokimbia nchi yao wanaishi katika kambi ya Lusenda. Mtu aliyekuwa mkimbizi kwa mwenzake anampokea mkimbizi kwake. Ni nembo gani utakayompa mtu huyo kifuani?

Liko jina moja ambalo vijana Wakatoliki wa Baraka na Fizi mnalitamka katika sala, na ambalo nafikiri linaingia hapa bila kulazimishwa. Tarehe 28 Novemba 1964, siku 4 baada ya askari wa miavuli wa Ubelgiji kushushwa na ndege za Marekani katika Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, gari la waasi lilisimama mbele ya misheni ya Baraka. Bruda Vittorio Faccin aliuawa hapo. Padri Luigi Carrara, aliyekuwa akiungamisha, akatoka na kuuawa kando ya mwenzake. Gari likapanda hadi Fizi, na huko wakauawa Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert. Watatu wa kwanza walikuwa Wamisionari Waxaveri kutoka Italia. Wa nne, Albert Joubert, alikuwa mtoto wa Kapteni Joubert, Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Papa kisha akahamia ufuko wa Tanganyika na kuoa huko. Mama yake Albert alikuwa Mkongomani. Tarehe 18 Agosti 2024, huko Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliongoza Misa ambamo wote wanne walitangazwa Wenye Heri.

Mnakumbuka tulivyozoea kuisimulia habari hiyo: wageni wazungu walikuja, wakauawa. Lakini Joubert alikuwa mgeni wa nani? Alizaliwa katika nchi ya ziwa hili, akalelewa kandokando yake, akawa padri wa nchi hii. Mtu wa damu mbili, katika siku ambayo kila mtu alitakiwa awe wa kambi moja. Gari lile lilipotoka Baraka kwenda Fizi lilikuwa na orodha iliyo rahisi kama ya katuni, na orodha rahisi ikishika bunduki haina mahali pa kumweka mtu kama yeye.

Nimebakiza jambo la kujigeuza, ambalo ndilo lililoipa katuni jina lake. Roboti wa hadithi hii hujigeuza: mmoja huwa lori, mwingine huwa ndege, mwingine huwa redio ya kaseti. Megatron, mkuu wa Decepticons, mwenye nguvu kuliko wote, hugeuka kuwa nini? Bastola. Tena bastola haiwezi kujipiga yenyewe. Mara nyingi katika mfululizo ule inambidi ashikwe na mkono wa mwingine ndipo afanye kazi yake. Watungaji walitaka tu kuuza bastola ya kuchezea, lakini wamechora bila kukusudia picha ya kweli kuliko picha zao zote. Yule anayejiona bwana wa vita amekuwa chombo kilicho mkononi mwa mtu mwingine, na anayekifyatua ni mwenye kukishika.

Wapiganaji wa mwaka 1964 waliambiwa kwamba wamegeuka. Walinyunyiziwa maji ya dawa, wakapewa jina la mnyama, wakaamini kwamba risasi zitakuwa maji, wakaenda mbele wakiita “Mai Mulele”. Wengi walikuwa vijana wa umri wenu. Jina hilo la maji limebaki katika milima yetu hadi leo, na kila kizazi kimeona watu wakija kuwaambia watoto wa shule kwamba wanaweza kuwa kitu kingine, kilicho kikubwa kuliko mtoto wa fulani anayesoma darasa la sita. Mvuto huo ni wa kweli, tusiudharau. Kijana asiye na shamba, aliyeona nyumba yao ikichomwa, akiambiwa kwamba anaweza kuvaa nembo na kuogopwa, hatashindwa kuona uzuri wake. Msimjibu kwamba ni dhambi halafu mkaishia hapo. Mwulizeni ni mkono wa nani utakaomshika akiisha kuwa bunduki, na ni nani anayenunua dhahabu ya kilima anachotumwa kukilinda.

Wako wazee wa parokia wanaotaka katuni hizi zipigwe marufuku katika mikutano ya vijana, kwa kuwa ni vita tupu. Nawaheshimu wazee wetu, lakini hapa siko pamoja nao. Mtoto wa Fizi hajifunzi vita katika katuni. Ameisikia nyuma ya nyumba. Na ndani ya hadithi hii kuna vitu vyema. Mwigizaji aliyempa Optimus Prime sauti yake, Peter Cullen, amesimulia mara nyingi kwamba alipokwenda kujaribiwa kwa kazi hiyo, kaka yake Larry, aliyekuwa amepigana Vietnam katika jeshi la Marekani, alimshauri asipige kelele kama mashujaa wa sinema, awe na nguvu inayotosha kumwezesha kuwa mpole. Ndiyo maana sauti ile ni nzito na ya taratibu. Ni sauti iliyokopwa kwa askari halisi, aliyerudi kutoka vita iliyopiganwa katika nchi ya watu wengine. Mimi nadhani yule ndugu alijua jambo ambalo waandishi wa mezani hawakulijua.

Wala roboti si lazima awe askari. Kinshasa, mwaka 2013, walisimamishwa barabarani roboti wakubwa waliobuniwa na mhandisi wetu Mkongomani, mama Thérèse Izay Kirongozi, walioinua mikono kuyaongoza magari na kuwavusha watembea kwa miguu. Hawakuwa na adui. Kazi yao ilikuwa kumzuia dereva asimkanyage mtoto. Nashangaa kwamba bado hatujawatungia katuni.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa vikundi vyetu, kwa Xaveri, Kiro, Skauti na wengineo, ni kwamba muitazame sehemu hiyo ya kwanza pamoja, mcheke panapochekesha, kisha mtoke mkawatafute watu. Aliyekuwa na miaka 10 wakati Wakuba wanashuka Kibamba sasa ni mzee wa miaka 70 au karibu na hapo, na kila mwaka tunawazika kadhaa bila ya mtu kuwauliza lolote. Vitabu juu ya mwaka ule viko. Vimeandikwa na Che, vimeandikwa na Hoare, na wengine wa kambi zote mbili wameandika au wamehojiwa. Ndani yake wanakijiji wanapita nyuma kama wale wafanyakazi wa mtambo wa mafuta, wakibeba mizigo, wakiuza samaki, wakikimbia.

Usiku wa kuamkia tarehe 21 Novemba 1965 Che na wenzake walipanda mashua kurudi Kigoma. Nchi za Afrika zilikuwa zimeanza kupatana na Léopoldville, na Tanzania ilikuwa imewaambia kwamba msaada wao ukome. Mashua zilikuwa chache. Wapiganaji Wakongomani waliokuwa pamoja nao walitaka kupanda, na wengi waliachwa ufukoni. Siku 3 baadaye Mobutu alitwaa serikali. Wakuba wa upande wa pili nao waliondoka kwa wakati wao, na ndege zao. Kuhusu wale walioachwa ufukoni usiku ule, walikwenda wapi asubuhi, nani aliwaficha, walikula nini, na watu wa vijiji walivyoishi kati yao na askari wa serikali waliokuwa wakija, hakuna hata mmoja kati ya waandishi wale aliyebaki kuyaona. Hayo yanajulikana Kibamba, Baraka na Mboko, kwa vikongwe wanaokaa mlangoni jioni. Chukueni daftari.